Ukurasa nilioshindwa kuufunua

Jumapili mtoto wetu mdogo alikuwa anachokonoa lile begi la picha za zamani, akachomoa moja akaniuliza, "Baba, huyu anko aliyekaa na mama ni nani?" Nikamjibu rafiki yangu, marehemu. Akairudisha, akakimbilia mpira wake. Mama yake alikuwa jikoni anakatakata vitunguu na najua alisikia, maana kisu kilinyamaza kidogo.

Basi kichwa kikanirudisha Birmingham.

Kipindi kile naimba besi kwenye kwaya ya kanisani, mama mmoja mpiga piano akaniomba nimfunulie kurasa kwenye konseti ya mchana, mtu wake kaumwa ghafla. Nikamwambia mama, mimi nimekulia kwenye do-re-mi, hizi nota za kwenye mistari nababaisha tu. Akasema haina shida, nikitikisa kichwa unafunua. Sasa kazi ya kutikisiwa kichwa nani ataishindwa?

Zilikuwa nyimbo sita za George Butterworth, mashairi ya Housman, zinaimbwa mfululizo bila makofi katikati. Kwenye mazoezi akanisimulia kuwa mashairi yalitoka 1896, Butterworth akayatilia muziki, zikachapishwa 1911, zimejaa vijana wanaokufa mapema, halafu 1916 mtunzi mwenyewe akapigwa risasi vitani kule Somme, Ufaransa, ana miaka 31, na kaburi lake halijulikani. Nikasema pole mama, kama vile alikuwa mdogo wake.

Siku yenyewe tano zikapita salama. Ya sita ndo ikanimaliza. Ni marehemu anaongea na rafiki yake aliye hai, na mwimbaji ni huyohuyo mmoja anaimba wote wawili. Marehemu anauliza taratibu, kasauti kama ka mtu aliye nyuma ya mlango: farasi wangu bado wanalima? Rafiki anajibu kwa nguvu, harakaharaka: wanalima, mbona hakuna kilichobadilika. Na mpira kule mtoni bado unachezwa? Unachezwa. Na mchumba wangu, kachoka kulia? Hapo joto likanipanda shingoni. Ametulia, anajibu rafiki, halii tena, we lala tu.

Jamaa yetu alikuwa na miezi saba kaburini. Na mimi kila usiku nakwangua kadi ya simu napiga Moshi, namba ileile, eti natoa pole. Pole ya miezi saba, aisee.

Marehemu akauliza la mwisho: na wewe rafiki yangu, u mzima? Umepata kitanda kizuri kuliko hiki changu?

Mama akatikisa kichwa. Nilimwona kabisa, zile mvi alizozibana na kibanio cha plastiki cha kahawia ziliruka, akatikisa tena, macho yamemtoka, na mkono wangu uko palepale, nimeshika pembe ya ukurasa kwa vidole viwili, jasho limelowesha karatasi mpaka imelainika, na siufunui, yaani kama nisipofunua lile jibu halitakuja. Akaupiga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, nota kadhaa zikapotelea humo. Jibu likaja: nalala vizuri, namliwaza mchumba wa mtu aliyekufa, usiniulize wa nani. Halafu piano ikafifia, ukumbi kimya, mimi nimesimama kama nguzo.

Nilimwomba radhi. Akasema usijali, watu hawakugundua. Ila hakuniita tena.

Usiku ule sikupiga simu. Usiku uliofuata nikapiga.

Sijui ningefanyaje vingine, na sidhani kama jamaa angenuna, ingawa hilo ni mimi ndo najisemea kwa niaba yake, yeye hana pa kunijibia. Mama watoto naye hatujawahi kulikalisha chini tukaliongea, miaka yote hii.

Jana nimekuta ile picha iko juu ya friji, imesimamishwa vizuri kwenye kopo la majani ya chai. Sijauliza nani kaiweka.