Jicho limepona, presha bado naipima

Ukishapigwa jichoni na kitu chenye nguvu, hata kama leo unaona vizuri, nenda kapime presha ya macho, yaani mgandamizo wa maji yaliyo ndani ya jicho. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi na jicho langu la kulia lilipigwa na bunduki ya rangi, ile ya mchezo inayofyatua vidonge vya rangi. Nilikuwa narudi nyumbani Majengo jioni, gari likapunguza mwendo, vijana waliokuwa ndani wakafyatua, wakaondoka wanacheka. Mpaka leo hawajapatikana.

Watu husema ni rangi tu. Kidonge chake kina upana wa milimita 17 hivi na uzito wa kama gramu 3, na hata kwenye viwanja vya mchezo hutoka kwa mwendo unaokaribia mita 90 kwa sekunde. Mfupa wa paji hauwezi kukizuia, maana kinaenea ndani ya tundu la jicho na kulibonyeza jicho lenyewe. Ndiyo maana wachezaji hawaruhusiwi kuvua kinga ya uso wakiwa uwanjani.

Polisi walinipa PF3, ile fomu ya matibabu, nikapelekwa hospitali ya KCMC. Damu ilikuwa imetuama mbele ya mboni. Niliagizwa nilale kichwa kikiwa juu, nisibebe kizito, nisimeze aspirini, kwa sababu siku za mwanzo jicho linaweza kuvuja tena. Baadaye damu ikaisha, jicho likawa jeupe, na majirani wakaja kunipa hongera ya kupona.

Daktari hakunipa hongera. Alinitia dawa ya ganzi, akaniwekea kioo kidogo juu ya jicho, akaangalia pembeni kabisa, kwenye kona ambako maji ya ndani ya jicho hupita kwenda nje. Kona ilikuwa imechanika. "Mama, hii inaweza kukupandishia presha mwakani, au baada ya miaka mingi, na hutasikia maumivu. Utapima kila mwaka, maisha yako yote." Kawaida ya presha ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Nilinunua daftari, kila kipimo naandika na tarehe yake. Mama mkwe aliniuliza kwa upole kulikoni naenda hospitali na jicho zima. Nikamwonyesha daftari.

Presha ilikuja kupanda kweli, na sikuhisi chochote. Bila kile kipimo, mshipa wa fahamu wa jicho ungekufa kidogo kidogo huku mimi nashona.

Nikaanzishiwa matone ya timolol, asubuhi na jioni. Mwenye pumu lazima aseme mapema, dawa hii hubana kifua. Navuta kope la chini, natia tone moja, nafumba, kisha nabonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika mbili hivi, dawa isishuke kooni na kuingia kwenye damu. Ramadhani natia wakati wa daku na baada ya futari. Najua wanaoacha matone mwezi mzima kwa ajili ya funga, na hilo linanisumbua sana. Presha haifungi na mtu.

Kazini ilibidi nibadilishe mambo. Mboni ya jicho hilo haisinyai vizuri tena, mwanga wa mchana unaniumiza, kwa hiyo cherehani nimeigeuza dirisha liwe nyuma yangu, na nje navaa kofia yenye ukingo. Kutunga uzi kulinishinda kabisa mwanzoni, uzi unapita pembeni ya tundu kila mara. Sasa naweka kipande cha kitambaa cheupe nyuma ya sindano na kuegemeza kidole kwenye mguu wa mashine. Uzi mweusi unaingia.

Gari likipunguza mwendo karibu yangu, moyo bado unaruka. Natembea upande ambao magari yanakuja yakinitazama, inasaidia kiasi.

Nikiona vimulimuli, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au kama pazia linashuka upande mmoja, nimeambiwa nisingoje tarehe, niende siku hiyo hiyo, maana retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inaweza kubanduka. Nimewaeleza wanangu pia.

Juzi nimempeleka kijana wa jirani aliyewahi kupigwa jichoni na jiwe la manati. Mama yake alishasahau. Presha yake iko sawa, lakini kona imeguswa kidogo, naye amepewa tarehe ya mwakani.