Omo iangalie mto unakotoka

Mto Nzoia ukifika Budalang'i, magharibi mwa Kenya, hauna nafasi ya kujitanua. Matuta ya kuzuia mafuriko yameubana huku na huku, kwa hiyo ukijaa hukimbia kama maji ya mfereji kuelekea Ziwa Victoria. Hapo ndipo mjomba wangu aliponifundisha kuvusha watu, kwa mtumbwi wa mbao, makasia mawili na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.

Hakuanza na kasia. Kila alfajiri alichomeka kijiti ukingoni, pale pale maji yalipoishia, akaenda kunywa chai, kisha akarudi kukitazama. Kwetu jua linaweza kuwaka siku nzima huku mvua ikimwagika kule juu mto unakotoka, Cherangany na Mlima Elgon. Maji hayo hutufikia baadaye, mekundu, yamebeba magogo. Chai ikiisha akakuta kijiti kimezama, havushi mtu. Watu walinung'unika, wengine wakamtukana. Hakuwajibu.

Siku niliyokosea nilikuwa na abiria watano, baiskeli na gunia la mahindi. Niliona kivuko ng'ambo nikakielekezea omo, yaani pua ya mtumbwi, moja kwa moja. Mkondo ukatupiga ubavuni, ukatuburura hadi kwenye mti ulioangukia majini. Mti wa namna hiyo nauogopa kuliko kiboko: maji hupenya katikati ya matawi, mtumbwi na mtu hawapenyi. Sote tukajivuta upande wa pili kuukwepa, na ubavu ule unaopokea mkondo ukainama, maji yakaanza kuingia. Mjomba alikuwa tezini, nyuma ya mtumbwi. "Uegemeeni mti! Wote, uegemeeni!" Mwili mzima ulikataa, lakini tukauegemea. Ubavu ukainuka, maji yakapita chini yetu, naye akasukuma kwa pondo mpaka tukachomoka. Gunia lilikwenda na mto.

Tangu siku hiyo navuka hivi. Kwanza napanda na mtumbwi kando ya ukingo, maji yalipo mapole, hadi nipite mbali juu ya pale ninapotaka kuteremkia. Halafu omo naielekeza kule mto unakotoka, nailaza kidogo tu upande wa ng'ambo, napiga kasia bila kusita. Mto wenyewe hunisogeza. Ukiilaza sana, mkondo huishika na kukuzungusha. Ukipumzisha kasia katikati, mtumbwi haukusikii tena. Na penye kona, teremkia upande wa ndani, kwa sababu upande wa nje ndiko maji yanakochimba ukingo na kuangusha miti.

Abiria wangu hukaa sakafuni, si juu ya kingo, na hakuna kusimama mpaka nimefunga kamba. Wengi huinuka wakiona nchi kavu iko hatua mbili tu, na hapo ndipo mtumbwi hupinduka. Mama mwenye mtoto mgongoni namwomba, "Mama, tafadhali, mfungue umpakate." Mtoto aliyefungwa kwa leso hana namna ya kujitoa majini. Wapo wanaokasirika. Nasubiri hadi amfungue.

Daraja la Sigiri, lililokuwa likijengwa juu ya mto huu, lilipoporomoka Juni 2017, kabla hata halijakamilika, nilijua watu wataendelea kututegemea. Nikauza mbuzi wawili, nikanunua majaketi sita ya kuokoa maisha. Moja navaa mimi. Sivushi abiria wa sita, hata akiwa jirani yangu, hata akiwa na haraka ya hospitali. Huyo hupanda wa kwanza, na mwingine husubiri ukingoni nirudi.