Mistari ya Chini, Serralunga d'Alba

Asubuhi ile ya katikati ya Oktoba ukungu ulikuwa umejaa bondeni chini ya Serralunga d'Alba, kijiji cha mvinyo kaskazini-magharibi mwa Italia, ukakomea kwenye mstari wa kumi na mbili wa mizabibu, kuhesabu kutoka chini. Juu ya hapo jua lilikuwa limeshayafikia majani. Wavunaji tulikuwa wanane, kila mmoja na mkasi mfupi na kreti ya kilo 20, tukifanya kazi wawili wawili, mmoja kila upande wa mstari, ili kishada kisijifiche nyuma ya majani. Tukaanzia chini kwa sababu trela lilikuwa limeegeshwa huko.

Zabibu yenyewe ni Nebbiolo, na mvinyo mwekundu wa Barolo, unaotoka vilima hivi, hautengenezwi kwa zabibu nyingine. Huchipua mapema lakini huiva baada ya zabibu jirani zake, Dolcetto na Barbera, kwa hiyo shida mbili zinaisubiri: baridi ya Aprili inayounguza machipukizi, na mvua za Oktoba zinazoozesha vishada. Ndiyo maana watu wa Langhe, eneo hili la vilima, huipa sehemu bora ya kilima, mteremko unaoelekea kusini, ambao kwa lahaja yao huitwa sorì. Sheria ya Barolo nayo imeyaweka hayo kwa vipimo: shamba liwe kati ya mita 170 na 540 kutoka usawa wa bahari, lisiwe tambarare wala bondeni, lisielekee kaskazini, na hekta moja isitoe zaidi ya tani 8.

Mimi natoka Dodoma, ambako mzabibu haulali majira ya baridi na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Nilizoea kwamba zabibu ikishakuwa tamu, inakatwa. Zile za chini zilikuwa tamu.

Msimamizi, mzee aliyezaliwa kilima hichohicho, alifika tukiwa tumejaza kreti tatu. Akakamulia tone kwenye kipima sukari, akachungulia. Sukari, ambayo hamira huigeuza kuwa kileo, ilitosha kabisa kuvuka asilimia 13 ya kileo ambayo Barolo haiwezi kuwa chini yake. Kisha akatafuna punje, akatemea mbegu kiganjani, akanionyesha. Zilikuwa na ukijani, na nyama ya tunda ilikuwa bado imezing'ang'ania. Tukapanda hadi mstari wa ishirini, akachuma punje nyingine. Mbegu zake zilikuwa za kahawia, kavu, zikavunjika kwa meno kama karanga iliyokaangwa.

“Hizi ndizo, mwanangu. Zile za kule chini ziache.”

Utamu na mbegu haviivi kwa mwendo mmoja. Nebbiolo ina ganda jembamba na rangi hafifu, lakini tanini, yaani ule ukakasi unaokausha fizi, ni nyingi mno, kwenye ganda na kwenye mbegu pia. Wanaofuata njia ya zamani huacha maganda na mbegu ndani ya mchuzi wa zabibu kwa wiki tatu, nne, hata zaidi. Kileo kikishapanda, huichimbua tanini ya mbegu, na mbegu mbichi hutoa uchungu ambao pipa haliuondoi hata mvinyo ukae miaka mingapi.

Kwa nini mistari ya chini inachelewa, ilhali ni mteremko uleule? Usiku hewa baridi huteremka na kutuama bondeni. Asubuhi ukungu unazuia jua kwa saa kadhaa. Halafu udongo unaooshwa na mvua kutoka juu hurundikana huko. Ukawa na kina na unyevu, na mzabibu ukaendelea kutoa majani badala ya kuivisha tunda. Juu, udongo ni mwembamba. Udongo wa Serralunga ni marli, yaani udongo wa mfinyanzi wenye chokaa, iliyochanganyika na matabaka ya jiwe la mchanga, mashapo ya bahari iliyokuwa hapa mamilioni ya miaka iliyopita. Ukivuka kwenda upande wa magharibi, La Morra na kijiji cha Barolo chenyewe, marli ni changa zaidi, ya kijivu chenye bluu, na mvinyo wake hulainika mapema. Wa Serralunga ni mkavu na mgumu ujanani, na kwangu ndio unaostahili kungojwa.

Kuchelewa huku kuna historia ndefu. Zamani, kabla ya kazi ya kutengeneza mvinyo kuboreshwa katika karne ya 19, wakati wa watu kama mwanasiasa Camillo Cavour, aliyekuwa meya wa Grinzane, kijiji cha hapa karibu, kuanzia 1832 hadi 1849, mvinyo wa hapa mara nyingi ulibaki na sukari. Zabibu ilivunwa kwa kuchelewa, baridi ikaingia, hamira ikalala kabla ya kumaliza kazi.

Tulivuna kuanzia mstari wa kumi na tatu hadi kileleni, tukikata pia ncha ya kila kishada iliyokuwa bado ya waridi, maana ncha huiva mwisho. Zabibu hizo ziliingia kwenye tangi la Barolo, mvinyo usioruhusiwa kuuzwa kabla ya miezi 38 kupita tangu Novemba 1 ya mwaka wa mavuno, 18 kati yake ndani ya mbao.

Mistari kumi na miwili ya chini ilivunwa siku saba baadaye, mbegu zikiwa zimeanza kubadilika rangi. Zilimwagwa kwenye tangi dogo la kando, juu ya zile za kreti zetu tatu. Mzee akaandika mlangoni mwa tangi kwa chaki jina la mvinyo wa zabibu hiyohiyo, wa daraja lililo chini ya Barolo: Langhe Nebbiolo.