Siku moja maishani mwangu: studio ndogo Morogoro, bila Photoshop

Watu wakisikia nina studio ya picha wanafikiria mataa makubwa, miavuli myeupe na maharusi. Ninachokodi ni fremu moja ya duka hapa Morogoro, si mbali na soko la Chifu Kingalu. Ndani kuna kitambaa cha bluu ukuta huu, cheupe ukuta ule, stuli moja, kamera niliyonunua kwa mtu, printa mbili ambazo moja inakohoa, na kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 4 tu, kumbukumbu ndogo ya kufanyia kazi. Riziki yangu iko kwenye pasipoti saizi. Na swali ninaloulizwa kila wiki, mara nyingine hata kabla ya bei, ni kuhusu ile programu maarufu ya kuhariri picha: "Unatumia Photoshop?"

Situmii. Hii hapa Alhamisi iliyopita, mjionee.

Saa 12 asubuhi. Watoto, uji, sare, bodaboda. Hapo hakuna la kusimulia.

Saa 2. Nafungua. Kabla ya kuwasha chochote napangusa kitambaa cha bluu, maana vumbi la barabarani likikaa pale linatokea kwenye picha kama ukurutu. Nachapa karatasi ya majaribio. Printa inakohoa mara tatu, inatoa mistari, naisafisha vichwa, inatoa tena. Wino wa njano umebaki kidogo. Tuombe Mungu.

Saa 3. Vijana wanne wanaokwenda kidato cha tano, kila mmoja anataka pasipoti nne za kupeleka shule. Kazi hii naifanya huku nikiongea na simu. Kata 35 kwa 45 milimita, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli (vidoti vinavyounda picha) 413 kwa 531, panga nane kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15, chapa, kata. 3,000 kwa picha nne. Nina kiolezo changu cha tangu 2021, nabandika uso tu.

Baada yao akaja mama mmoja wa viza ya Marekani. Hiyo ni mraba, milimita 51 kwa 51, nyuma kweupe, miwani chini. Akaniomba nimtolee vidoa vya mashavuni. Nikamweleza kwamba ya viza haiguswi, wenyewe wameandika picha isibadilishwe kwa programu, app wala vichujio. Nakata na kupunguza ukubwa wa faili, basi. Akanuna, akalipa, akasema kule mjini kati wangemtolea.

Saa 5 ndipo siku yangu ilipoanza.

Kijana wa miaka kama 22, begi la chuo mgongoni, macho mekundu. "Shikamoo dada." Nikaitikia. Akasema baba yake mdogo amefariki juzi, wanasafirisha usiku kwenda Ifakara, mazishi kesho.

"Poleni sana."

"Ahsante, tumeshapoa. Tunataka picha ya kuweka mbele ya jeneza. A3, na fremu. Avae suti."

Akanirushia picha WhatsApp. Ilikuwa ya sherehe, watu tisa wamebanana, marehemu yuko pembeni kavaa tisheti ya kampeni, nusu ya bega imezibwa na keki. Nikaikuza. Uso wake wote, sikio hadi sikio, ulikuwa pikseli kama 140. A3 ya kuchapa vizuri inataka 3,508 kwa 4,961. Nikamwambia ampigie aliyeipiga airushe kama dokumenti, isibanwe. Akapiga. Mpigaji alishabadilisha simu, ya asili haipo. Basi ni hiyo hiyo.

Akavuta stuli, akakaa nyuma ya bega langu. Mnaofanya kazi hii mnajua maana yake.

"Dada, mbona hii siyo Photoshop?"

"Ni GIMP."

"Jimpu? Hiyo ya bure?" Akanyamaza kidogo. "Sisi chuo tunafundishwa Photoshop. Ya bure itatoa kitu kweli? Hii ni ya msiba, dada."

Sikumjibu pale, ila ninyi nawajibu. Photoshop peke yake, kwa bei wanayoitangaza Marekani, ni dola 22.99 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka. Kwa shilingi zetu ni elfu 55 na zaidi. Kwangu hao ni zaidi ya wateja 18 wa pasipoti kila mwezi, kabla sijanunua wino wala karatasi, kabla mwenye fremu hajagonga mlango. Zamani ulinunua mara moja ukatulia nayo. Toleo la mwisho la namna hiyo lilikuwa CS6 la 2012, na mwaka uliofuata wakatangaza kuhamia kwenye kulipia kwa mwezi. Mwezi usipolipa, inakufungia mlango. Studio za matangazo Dar es Salaam zinaweza, na siwaonei kijicho. Mimi Februari huwa sipati hata wateja wa kulipia umeme.

Nami nilikuwa mmoja wa walioitumia iliyochakachuliwa. Nani hakuitumia? Fundi anakuja na flashi, unampa 10,000, anakuambia uzime antivirasi kwanza. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Siku moja mwaka 2021 nikakuta mafaili yangu yote yamefungwa, kila picha ina jina la ajabu mwishoni, na ujumbe unataka dola. Harusi mbili zilikuwa humo. Moja nilirudisha hela. Ya pili bi harusi hanisalimii mpaka leo, na tunasali kanisa moja.

Ndivyo nilivyohamia GIMP. Si kitu cha kuchezea. Ilianzishwa 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Mwezi wa kwanza vidole vyangu vilinikataa. Kule Photoshop, kitufe B ni brashi na P ni kalamu ya kuchora njia. Huku P ndiyo brashi na B ndiyo njia. Nilikuwa nabonyeza B nipake rangi, najikuta nachora vidoti vya ajabu kwenye paji la uso la mteja. Leo vidole vimeshasahau vilikotoka.

Turudi kwa marehemu.

Nina folda naiita Kabati. Ina suti 14: nyeusi, bluu ya giza, kijivu, moja ya kahawia ambayo hakuna aliyewahi kuitaka. Zote nilimpiga kaka yangu dirishani, mwanga ukitoka kushoto, kisha nikamkata kichwa. Mabega ya kaka yangu yamehudhuria misiba mingi kuliko yeye mwenyewe.

Kumvalisha mtu suti si kubandika kichwa. Panapokataa ni shingoni. Ngozi ya kaka ni maji ya kunde, marehemu alikuwa mweusi wa kung'aa, kwa hiyo ile pete ya shingo inayobaki juu ya kola lazima uipake upya kwa rangi unayochota chini ya kidevu, si shavuni, maana shavuni pana mwanga. Leya (tabaka) ya kichwa juu, maski ya kuficha sehemu juu yake, brashi laini, unafuta kidogo kidogo mpaka kola imeze shingo. Halafu kivuli cha kidevu. Ukikisahau, kichwa kinaelea kama puto.

Na alikuwa na mwanya. Kwenye pikseli 140 mwanya ni vidoti viwili vyeusi. Nilivikalia dakika 20.

"Ingekuwa Photoshop, ungebonyeza tu," akasema nyuma yangu.

"Bonyeza wapi?"

"Kuna sehemu."

Akaongea na simu mara sita. Mara avae tai nyekundu, mara shangazi amesema ya bluu. Mara nyuma pawe na mawingu. Mara mawingu yatolewe, wao si watoto. Katikati ya hayo kuna anayetaka fotokopi ya cheti, kuna anayeuliza kama nachaji simu.

Saa 8 na dakika 20, umeme ukakatika.

Feni ikazunguka mara mbili za mwisho. UPS, kile kiboksi cha betri cha kushikilia umeme, ikalia "tiii" moja na kuzima, betri yake imekufa tangu Pasaka na kila mwezi nasema mwezi ujao. Nikabaki nimeshika mausi. Mara ya mwisho kuhifadhi ilikuwa saa 6 na nusu, kabla ya shingo, kabla ya mwanya.

Kijana hakupaza sauti. Alisema taratibu, "Photoshop inajihifadhi yenyewe kila baada ya dakika 10."

Ni kweli. Hilo ndilo lililoniuma. Kule usipogusa mpangilio wowote, kila dakika 10 inaweka akiba ya kukuokoa. GIMP haina hiyo. Ni Ctrl na S na kumbukumbu yako mwenyewe. Ukinunua kitu kwa bei ndogo kuna mahali utalipia, na mimi siku ile nilikuwa nalipia mbele ya mfiwa.

Nikamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu. Nitairudia yote, na fremu sitakudai."

Tukakaa. Mama lishe akaleta wali maharage, nikaomba kijiko cha pili. Kijana akala kama mtu ambaye hajala tangu juzi, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Akaniambia marehemu alikuwa fundi baiskeli, ndiye aliyemlipia ada ya kidato cha tano na cha sita kwa kuziba pancha. Alikuwa akicheka anaziba mdomo kwa mkono kwa sababu ya mafuta mikononi, si kwa aibu. Nikafikiria vile vidoti viwili.

Wakati tunasubiri akaipitisha ile picha kwenye app moja ya akili mnemba kwenye simu yake. Dakika moja, ikatoka. Mzee anang'aa kama mtangazaji wa televisheni, kila unywele umehesabika. Akamrushia mama yake mdogo kule msibani. Jibu likaja kwa sauti, tukalisikiliza wote wawili: "Huyu ni nani?"

Mwanya ulikuwa umezibwa.

Umeme ulirudi saa 10 na nusu, na kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Ninachokumbuka ni mgongo. Mara ya pili kazi ikaenda haraka zaidi, mkono unakumbuka, shingo nikaimaliza ndani ya nusu saa, na kila nikimaliza kipande nilihifadhi kwa nguvu mpaka kijana akaanza kuhesabu: "Kumi na moja. Kumi na mbili." Tulicheka kidogo.

Katikati akaingia mwenye duka la vipodozi na flashi, bango lake limetengenezwa Dar, faili la PSD, yaani la Photoshop, anataka kubadilisha namba ya simu tu. Hiyo naifungua Photopea, ndani ya kivinjari. Imetengenezwa na mtu mmoja, Ivan Kuckir, inasoma PSD na leya zake, na faili halitoki kwenye kompyuta yako. Ina matangazo pembeni, nayavumilia. Namba ikabadilika, 5,000 ikaingia.

Mtu ataniuliza, na Affinity, programu nyingine ya picha, je, si wameifanya ya bure tangu Oktoba 2025? Wameifanya, na ni nzuri, rangi za mitambo ya uchapaji inazimudu kuliko hii yangu. Niliiweka. RAM yangu 4 ikahema kama mzee anayepanda Uluguru. Nikipata kompyuta nyingine nitarudi kwake.

Giza lilishaingia. Wateja wa mwisho walikuwa wachumba wanaotaka picha za kanisani, wakagombana kuhusu nani akae kushoto. Wakapatana. Mtoto wangu mkubwa akapiga kuuliza mchele uko wapi. Nikachapa A3 ya kwanza, njano ikaishia kwenye paji la uso, mzee akawa zambarau. Nikakimbia kwa jirani wa steshenari kuazima chupa ya wino. Nikachapa ya pili.

Ilitoka vizuri. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna atakayenisemea. Suti ya bluu ya giza, tai ya bluu alivyotaka shangazi, nyuma kijivu kilichotulia, na yule bwana anakuangalia kana kwamba umemletea tairi na hajaamua atakutoza ngapi. Uso si mkali, siwezi kutengeneza pikseli ambazo hazikuwepo, lakini niliulainisha na kuongeza chenga kidogo ili ulaini uonekane ni wa picha ya zamani. Mwanya upo.

Kijana aliishika kwa ncha za vidole. Hakuniuliza programu gani. Akaipiga kwa simu, akarusha nyumbani. Gari lao lilikuwa linaondoka saa 4 usiku na saa 3 ilishapita. Nilianza kufunika kamera, nikazima taa ya mbele, nikaingiza ubao wa bei ndani.

Simu yake ikalia. Mama mdogo, sauti tena. Kwanza alilia kidogo, kisha akasema: "Huyo ndiye. Huyo ndiye mwenyewe. Lakini baba yenu hajavaa tai hata siku moja, hata ya harusi yetu alikataa. Mwambieni dada aitoe."

Tukaangaliana. Nikawasha taa, nikavuta kiti. Kabla sijagusa chochote, nikabonyeza Ctrl na S.

"Ishirini na tisa," akasema kijana.