Kuzisikia hatari kabla hazijafika ghalani: uzoefu wangu kiwandani

Nasimamia usalama wa chakula katika kiwanda kinachochanganya malighafi kavu: unga, viungo, mbegu, maziwa ya unga, na vile viambato vidogo vidogo vinavyofanya mchanganyiko ushikamane au usigande. Mpango wetu wa HACCP, yaani mfumo wa kuchambua hatari za chakula na kuzidhibiti katika hatua muhimu za uzalishaji, ulikuwa umekamilika na wakaguzi waliupitisha kila walipokuja. Niliuheshimu na bado nauheshimu. Lakini HACCP huanza na orodha ya hatari mnazozijua. Timu inakaa, inapitia uzalishaji hatua kwa hatua, inataja bakteria, vipande vya chuma, vichochezi vya mzio na mabaki ya viuatilifu, kisha inaweka udhibiti. Hatari ambayo hakuna hata mmoja mezani aliyewahi kuisikia haiingii kwenye orodha, na isipoingia hakuna atakayeipima. Hiyo ndiyo kazi niliyojitwika: kutafuta namna ya kuzisikia hatari za aina hiyo mapema, na kuwa na la kufanya zikishasikika.

Kabla sijapendekeza chochote kwa uongozi, nilikaa na kisa cha melamini mpaka nikakielewa vizuri. Mwaka 2008 nchini China, maziwa ya unga ya watoto wachanga yalikutwa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Watoto wapatao 300,000 waliugua, wengi kwa mawe kwenye figo, na sita wakafariki kwa hesabu rasmi. Maziwa yale yalikuwa yakipimwa protini kila siku, na yakifaulu. Kipimo cha kawaida cha protini hakihesabu protini yenyewe. Huhesabu naitrojeni, elementi iliyomo ndani ya protini, kisha hukadiria protini kutokana nayo. Melamini ina naitrojeni karibu theluthi mbili ya uzito wake. Aliyeongeza maji kwenye maziwa aliweza kuficha wizi wake kwa kijiko cha unga mweupe.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwaka mmoja kabla, 2007, paka na mbwa walikuwa wamekufa kwa figo nchini Marekani baada ya kula vyakula vilivyotengenezwa kwa gluteni, yaani protini ya ngano, yenye melamini, iliyotoka China. Ujanja ulishajulikana, kemikali ilishajulikana, hata ugonjwa ulishajulikana. Ni bidhaa tu iliyokuwa tofauti. Aliyekuwa akinunua maziwa ya unga wakati ule angeweza kujiuliza: ni malighafi gani nyingine hulipwa kwa kipimo hicho hicho cha naitrojeni?

Swali hilo nililifanya msingi wa kazi yote. Kwa kila malighafi tunayonunua, tuliandika inalipwa kwa sifa gani (protini, rangi, uzito, ukali wa harufu), sifa hiyo inapimwaje, na mtu mwenye nia mbaya angeweza kukidanganya kipimo hicho kwa kitu gani. Majibu mengine yalikuja haraka. Kiungo kinacholipwa kwa rangi kinashawishi kutiwa rangi, na kinacholipwa kwa uzito kinashawishi kutiwa kitu kizito. Madini ya risasi yaliyochanganywa na kromiamu hutoa vyote viwili, rangi na uzito. Mwaka 2023 Marekani ilipoondoa sokoni vifuko vya tufaha lililosagwa kwa ajili ya watoto, kwa sababu ya mdalasini wenye risasi na kromiamu, mdalasini ulikuwa tayari umepigiwa mstari kwenye orodha yetu.

Hatua ya pili ilichosha kuliko zote, na ndiyo ninayomsisitizia kila anayeniuliza. Tulizifungua malighafi zenyewe. Gunia linaloandikwa "kiimarishi", yaani kile kinachofanya mchanganyiko ushikamane, huwa na viambato vinne au vitano ndani, kila kimoja na asili yake. Tuliwaandikia wasambazaji kuomba majina ya viambato vyote, nchi vilikotoka, na jinsi vilivyouliwa vijidudu: kwa mvuke, kwa mionzi, au kwa gesi. Wengine walijibu siku ile ile. Wengine walisema ni siri ya biashara, na hao tuliwaambia wazi kwamba fomula wabaki nayo, ila asili na usafishaji lazima tuvijue. Jedwali lililotokana na barua hizo ndilo lililotuokoa baadaye.

Mwezi Septemba 2020, Ubelgiji ilitoa taarifa kupitia RASFF, mfumo wa tahadhari ya haraka wa Umoja wa Ulaya, kuhusu ufuta kutoka India wenye ethilini oksaidi. Hii ni gesi ya kufukizia inayoua Salmonella na wadudu, na Ulaya haikubali itumike kwenye chakula. Kikomo cha mabaki yake kwenye ufuta kilikuwa miligramu 0.05 kwa kilo. Taarifa zikafuatana moja baada ya nyingine. Jambo lililonishtua kitaaluma ni kwamba vipimo vya kawaida vya viuatilifu, vile vinavyotafuta mamia ya kemikali kwa mkupuo mmoja, havikuwa vikiiona. Ethilini oksaidi inahitaji kipimo chake, na kwa kuwa sehemu kubwa yake hugeuka kuwa kemikali nyingine, kloroethanoli, ndani ya chakula, lazima vitafutwe vyote viwili na vijumlishwe. Vyeti vyote vya uchambuzi tulivyokuwa navyo vya ufuta vilikuwa safi, na havikutuambia lolote kuhusu gesi hiyo.

Tulichofanya hakikuhitaji maabara kwanza. Tulifungua jedwali na kuuliza: ufuta unafukizwa kwa sababu mbegu kavu hupata Salmonella, bakteria anayeweza kuishi miezi mingi mahali pakavu na ambaye ukavu huo humfanya astahimili joto zaidi. Je, ni malighafi gani nyingine zetu ni kavu, zinatoka mashambani, na haziwezi kupikwa bila kuharibika? Zikapatikana viungo, mbegu za aina nyingine, mboga zilizokaushwa, na gundi za mimea zilizomo ndani ya viimarishi. Wasambazaji wa zote tuliwaandikia barua ile ile fupi: je, mzigo huu, au kiambato chochote ndani yake, umewahi kufukizwa kwa ethilini oksaidi, na kama hapana, umesafishwa kwa njia gani? Walionyamaza, bechi zao zilizuiwa ghalani, na sampuli zikaenda kwenye maabara yenye kipimo hicho mahususi.

Katikati ya mwaka 2021 gesi hiyo ilipatikana kwenye gundi ya mbegu za mti wa karobu, na bidhaa nyingi, zikiwemo aiskrimu, zikaondolewa sokoni katika nchi kadhaa za Ulaya kwa sababu ya kiambato kinachowekwa kidogo mno. Gundi hiyo tulikuwa nayo ndani ya kiimarishi kimoja. Msambazaji alikuwa miongoni mwa walionyamaza, kwa hiyo gunia zake zilishazuiwa kabla ya habari kutangazwa, na uzalishaji ulikuwa umehamia kwa msambazaji mwingine aliyetuletea majibu ya maabara. Hatukulazimika kurudisha bidhaa hata moja. Nilifurahi sana siku hiyo, na nasema hivyo bila kuona haya, maana kurudisha bidhaa huwaumiza watu wengi wasiohusika, kuanzia mkulima hadi muuza duka.

Uongozi haukukubali yote haya kwa mara moja. Swali lilikuwa ni kwa nini tulipie vipimo vya kitu ambacho sheria bado haijatutaka tukipime, na ni swali la haki. Nilichojifunza ni kutoingia kwenye kikao na neno "huenda" peke yake. Kila hatari niliipeleka na mambo matatu: ishara imetoka wapi, inagusa malighafi yetu ipi hasa, na tukiipuuza bidhaa ngapi zitahusika. Jambo la tatu ndilo lililowafungua macho. Kiambato kimoja kidogo kilikuwa kimeingia kwenye zaidi ya nusu ya bidhaa zetu, na hakuna aliyekuwa amekiona hivyo kabla jedwali halijachorwa. Tulikubaliana pia mapema, kabla ya dharura yoyote, nani ana mamlaka ya kuzuia mzigo wakati ushahidi bado ni nusu. Mkiliacha jambo hilo mpaka siku ya tukio, mtabishana huku lori linapakiwa.

Mshirika wangu mkubwa amekuwa mkuu wa manunuzi. Yeye huona ishara ambazo maabara haizioni. Bei ya malighafi ikipanda ghafla kisha msambazaji mmoja akaendelea kuuza kwa bei ya zamani, ananipigia simu. Mavuno yakiharibika sehemu fulani, ananiuliza mzigo ujao utatoka wapi. Nampa mfano wa nchi za Balkani: kiangazi cha 2012 kilikuwa cha joto kali na ukame, mahindi yakashambuliwa na ukungu, ng'ombe wakalishwa mahindi hayo, na mwanzoni mwa 2013 sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, ikaonekana kwenye maziwa nchini Serbia. Kati ya ukame na maziwa kulikuwa na miezi kadhaa. Mnunuzi anayesoma habari za hali ya hewa alikuwa na nafasi ya kuuliza maswali. Na kadiri tabianchi inavyobadilika, maeneo ambayo hayakuwahi kusumbuliwa na sumukuvu yanaanza kusumbuliwa, hivyo historia safi ya msambazaji haitoshi tena kutuliza moyo.

Wapokeaji mizigo nao tumewaweka kwenye mtandao huu. Mmoja wao alinisimamisha mlangoni akaniambia, "Bosi, huu mzigo rangi yake imekolea kuliko wa kawaida, na vumbi lake linang'ang'ania mkononi." Cheti kilikuwa sawa. Tuliuzuia, tukaupima rangi za viwandani na metali nzito, ukatoka salama. Nilirudi kumshukuru mbele ya wenzake, kwa sababu nataka aniite tena safari ijayo.

Kuhusu maabara, niseme jambo moja la kiufundi. Sampuli moja ya gramu chache kutoka kwenye tani nyingi inaweza kukupa amani ya uongo, hasa kwa sumukuvu, ambayo hujikusanya kwenye punje chache sana. Sehemu kubwa ya kosa hutokea wakati wa kuchukua sampuli kabla mashine haijawashwa. Ndiyo maana pesa nyingine tumeitoa kwenye idadi ya vipimo tukaiweka kwenye uchukuaji mzuri wa sampuli na kwenye ziara za kuwaona wasambazaji wanavyokausha na kuhifadhi.

Orodha yetu ya hatari zinazoibuka tunaipitia kila wiki, kikao kifupi, watu wa manunuzi, uzalishaji na ubora. Kinachotakiwa si kuongeza tu. Kila kitu kilichoingia kina mwenye jukumu na tarehe ya uamuzi: kihamie kwenye mpango wa HACCP kama hatari ya kudumu, kiendelee kufuatiliwa, au kifutwe kwa sababu zilizoandikwa. Orodha isiyofutwa chochote husomwa na mtu mmoja tu, aliyeiandika.

Kwa sasa juu ya orodha kuna mambo mawili. La kwanza ni mafuta ya madini, yaani yatokanayo na petroli, yanayoweza kuhama kutoka kwenye maboksi ya karatasi iliyorejelezwa, ambayo wino wa magazeti ya zamani huyaacha humo, mpaka kwenye chakula kikavu kilichomo. La pili ni protini za jamii ya kunde, ambazo sasa zinatiwa kwenye vyakula vya kila aina, ilhali karanga nazo ni za jamii hiyo, na baadhi ya wenye mzio wa karanga wanaweza kudhurika nazo bila kutarajia. Barua kwa wasambazaji wa vifungashio zimeshatoka. Za protini ninaziandika wiki hii.