Siku moja Kariakoo, nikinunua vitu vya watu

Saa 11:10 alfajiri nafungua WhatsApp kabla ya dirisha. Oda za usiku zinanisubiri. Mama mmoja wa Songea anataka kanga doti 20 za aina moja, sare ya harusi. Mwenye duka wa Kahama anataka viatu vya shule vya watoto, dazeni mbili. Kijana wa Tunduma, chaja na kava za simu. Dada wa Mtwara anahamia nyumba mpya, anataka katoni ya glasi. Zote nazihamishia kwenye daftari, kwa sababu simu huisha chaji mchana, daftari haliishi.

Kwa wasionijua: mimi sina frem ya duka Kariakoo. Kodi yake siiwezi, na kilemba, ile hela ya kuachiwa frem, ndiyo usiseme. Kazi yangu ni kununulia watu wa mikoani. Wapo wanaotuita mawinga, sikasiriki, ila winga hasa ni yule anayekudaka njiani, "anti unatafuta nini," anakupeleka dukani kwa mtu na kukuwekea cha juu usichokiona. Mimi mteja wangu anapata picha ya risiti kama ilivyo, ada yangu inakaa mstari wa chini, peke yake.

Saa 12 na nusu nipo kwenye daladala ya kutoka Gongo la Mboto, nimesimama, daftari kwapani. Tazara foleni, kama kawaida. Nashuka Gerezani, nakunywa supu na chapati moja, naingia kazini.

Saa 2 nipo Mtaa wa Uhuru, kwenye kanga na vitenge. Naanzia huku kwa makusudi. Mwenye duka hapendi mteja wa kwanza atoke mikono mitupu, anaona siku imeingia nuksi. Bei ambayo saa 5 ataikataa bila hata kukutazama, asubuhi ananung'unika kidogo kisha anakubali. Oda kubwa ndiyo ya kumfungulia mtu duka.

Nampigia mama wa Songea kwa video. Muuzaji anatandaza ya kwanza, pindo jekundu, mji wa korosho kubwa. Mama anaifurahia mpaka anaita watu waje waone. Kisha: "Hebu sogeza simu nisome jina." Nasogeza. HASIDI HANA SABABU.

"Mwanangu, rudisha hiyo. Wifi zangu watajua nawasema, na harusi yenyewe ni ya mtoto wa kaka."

Ya pili jina zuri, rangi ya msiba. Ya tatu inawaombea heri kwa Mola, na hiyo haina wa kugombana naye.

Korija ni doti 20, hesabu imekaa sawa kabisa na oda, ila korija ya dukani ilishafunguliwa na zimebaki 14. Sita kijana anazichomoa kwenye furushi jingine. Chini ya taa za duka zote nyekundu. Nazitoa nje juani: zile sita zinavuta kwenye rangi ya chungwa. Toleo lingine hilo. Kwa mtu wa kujifunga jikoni haina neno, lakini wapange akina mama 20 mstari mmoja kwenye picha, hao sita wataonekana wametoka harusi ya jirani. Kijana anapanda stoo huku analalamika, anashuka na korija ambayo haijaguswa. Nalowesha kidole, nasugua pembe ya pindo, nafutia kwenye tishu nyeupe. Wekundu unatoka kidogo tu, wa kawaida kwa kanga mpya. Alianza na 11,000 kwa doti, tunamalizia 9,500.

Risiti naitaja kabla ya bei, siyo baada. Wapo wenye bei mbili, yenye risiti na isiyo nayo, na ukitaja risiti mwishoni mazungumzo yanaanza upya. Bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unaweza kusimamishwa na mzigo hapohapo barabarani. Mei 2023 maduka ya hapa yalifungwa kwa mgomo, na kamatakamata ya TRA, watu wa kodi, ilikuwa moja ya malalamiko, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja. Wiki ile wateja wangu wa mikoani walikuwa wananiuliza kuhusu mgomo kama vile mimi ndiye niliyeuitisha.

Saa 4 na nusu, Mtaa wa Aggrey. Vitu vya simu havina hadithi: chaja unaichomeka, kama simu haijionyeshi inachaji unarudisha, unahesabu kava, unalipa kwa lipa namba, unaondoka.

Mtaa wa Kongo saa 6 ndiyo kazi yenyewe. Wamachinga wamepanga pande zote mbili, kati imebaki njia ya mtu mmoja na nusu, na katikati ya njia hiyo hiyo linakuja guta. "Pisha mzigo! Pisha!" Hasemi mara ya tatu, anakupitia. Hapa nakutana na Wakomoro wanaonunua madera kwa mabelo, na Wakongo wa Lubumbashi wenye Kiswahili chao kitamu ambao wakianza kuomba kupunguziwa bei hawachoki mapema. Karibu na kona ya Mchikichi ndipo lilipoporomoka lile jengo la ghorofa, Novemba 16, 2024. Wengi tulikuwa tunapajua, wengine tulikuwa tunawajua waliokuwa ndani. Tangu hapo nikisikia kunachimbwa chini ya ghorofa nililoingia, nanunua haraka natoka.

Viatu vya jumla havitazamwi juu ya rafu. Navimwaga chini boksi moja moja, naviunganisha soli kwa soli. Kiatu cha kushoto kinaweza kuwa namba 32 na mwenzake 33, na vipo vya kushoto vyote viwili. Muuzaji ananitazama. "Anti, huniamini?" Nakuamini, kaka, ila Kahama ni mbali kurudisha kiatu kimoja.

Saa 8 wali maharage kwa mama lishe, nyuma ya Soko Kuu, lile alilolichora Beda Amuli likafunguliwa 1975, likaungua Julai 2021. Nakula nimekaa juu ya furushi la kanga. Siliachi hata kwa dakika moja.

Glasi naziacha za mwisho, hakuna mtu wa kutembea na glasi Kongo. Katoni naiinamisha taratibu huku na huku, sikio karibu. Zima hazisemi kitu, iliyovunjika inasikika kama chenji mfukoni. Ya kwanza inasema, ya pili kimya. Hiyo ya pili bado tunaifungua, maana nyingine hupasuka bila kelele.

Saa 10 na nusu kwa wafungaji. Salfeti, kamba ya manila, seloteipu mpaka boksi linang'aa. Jina la mteja, mji na namba ya simu naandika kwa maki peni pande tatu, maana upande mmoja lazima utasuguliwa. Halafu bajaji hadi kwenye ofisi za mizigo za mabasi. Nalipa, napiga picha stakabadhi, namtumia kila mtu yake. Basi la Songea linaondoka alfajiri. Mama anajibu kwa vigelegele vya sauti, dakika nzima.

Saa 2 usiku nimefika nyumbani, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, natuma mahesabu. Watatu wanalipa bila neno. Kijana wa Tunduma anaandika: "Dada, risiti nimeziona, bei safi. Sasa hii 10,000 ya chini ya nini, si umetembea tu?"

Namjibu: "Ndiyo, ni ya kutembea."

Anaituma, na chini yake anaongeza oda ya spika mbili.