Kinyago cha mwarobaini si feki

Juzi nilikuwa kwenye duka moja la vinyago kule Malindi. Dada mmoja akachukua kiboko mzuri, akamgeuza, akamkwaruza tumboni kwa ukucha. Rangi nyeusi ikabanduka kidogo, mti mwekundu ukaonekana. "Si mpingo. Ni feki," akamwambia mwenzake, akamrudisha kwenye rafu.

Ni kweli hakuwa mpingo. Alikuwa mwarobaini, tena kazi ya mtu anayejua. Masikio yale madogo yalikuwa mazima, na mikunjo ya shingo ilikatwa na mkono usiositasita. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku ile, kwa sababu mimi ni mtoto wa Changamwe, Mombasa, mtaa wa wachongaji, na mwarobaini ndio ulionisomesha.

Baba yangu alitoka Wamunyu, kijiji cha Ukambani, akiwa kijana, kama walivyofanya Wakamba wengi waliokuja pwani na tezo, kile chombo cha kuchongea mti, mkononi. Ukiuliza uchongaji wa vinyago vya kuuza ulianzaje Ukambani, wazee watakutajia jina moja: Mutisya wa Munge. Kabla yake Wakamba walichonga, ndiyo, lakini vitu vya nyumbani: mizinga ya nyuki, vijiko, vikopo vya ugoro, na vile viti vya miguu mitatu ambavyo wazee walivipamba kwa nyuzi za shaba zilizozamishwa ndani ya mti. Vita vya kwanza vya dunia vikamchukua Mutisya hadi Tanganyika, na huko akakutana na wachongaji waliokuwa wakitengeneza sanamu. Aliporudi Wamunyu akaanza kuchonga za kwake na kuwauzia wazungu. Akawafundisha jamaa zake, jamaa wakawafundisha majirani, na haikuchukua muda kijiji kizima kikawa kinaishi kwa tezo. Kutoka hapo kazi ikaenda Nairobi, ikateremka Mombasa na Malindi. Chama cha ushirika cha Changamwe, kile kilicho njia ya Port Reitz, kilianzishwa mwaka 1963.

Ndani ya vibanda vile kila mtu ana mnyama wake. Wa twiga ni wa twiga, wa simba ni wa simba, na mtu anaweza kuzeeka bila kuchonga mnyama mwingine. Baba alikuwa mtu wa swala. Alikaa chini, miguu mbele, kipande cha mti amekibana kwa nyayo, tezo likishuka karibu na vidole vyake kwa namna ambayo mgeni hawezi kutazama bila kufumba macho. Kwanza shoka, kutoa umbo kubwa. Halafu tezo, ambalo ndilo linalofanya kazi yote ya maana. Kisha kisu na patasi kwa macho, pembe na kwato, halafu tupa. Baada ya hapo kinyago kinapita kwa kina mama, wanaokipiga msasa, mkali kwanza, laini baadaye, kisha nta au kiwi. Mama yangu alipiga msasa miaka yake yote ya nguvu, na huwa naudhika nikiona picha za wachongaji zikipigwa huku kina mama wakiachwa nje. Ule ulaini unaofanya mtu ashike kinyago asitake kukiweka chini ni kazi ya mikono yao.

Zamani mti ulikuwa muhugu. Nauzungumza kwa heshima, maana hakuna mchongaji asiyeupenda. Ni mgumu, nyuzi zake zimeshikana, unakubali kisu upande wowote, na una harufu nzuri ambayo hubaki kwenye nguo. Wahindi waliununua pia kwa sababu ya harufu hiyo, badala ya msandali. Lakini muhugu hukua polepole mno. Mti wa kutosha kuchongwa unaweza kuwa na miaka 100, na mara nyingi ukiukata unakuta moyo umeoza, kuna shimo, nusu ya gogo ni ya kutupa. Ulitoka Arabuko-Sokoke na misitu mingine ya pwani, na huko bara kwenye misitu kama Ngong. Vinyago vilipopata soko kubwa la watalii na la nje ya nchi, shoka likaenda kasi kuliko mti. Magogo yakaanza kuja membamba, kisha yakaja kwa kujificha, usiku, na bei ikapanda. Mchongaji maskini ndiye aliyebaki kati ya mwenye lori na askari wa misitu.

Ilipofika miaka ya 1990, watafiti na watu wa uhifadhi walianza kupita vibandani wakihimiza miti ya mashambani: mwarobaini, mwembe, jakaranda. Wazee walikataa, na walikuwa na sababu. Mwarobaini mbichi hupasuka. Unachonga twiga leo, unamweka kivulini, baada ya majuma mawili shingo ina ufa wa kuingiza kucha. Mnunuzi wa Ulaya akifungua sanduku akute ufa, harudi tena. Vumbi lake nalo ni chungu. Mama akirudi nyumbani alikuwa akisukutua kinywa kabla ya kuonja chai, na bado alisema chai ina mwarobaini.

Kilichobadilisha mambo ni kujifunza kuukausha. Gogo likatwe mapema, ncha zake zipakwe nta ili maji yasitoke upande mmoja haraka, lipangwe mahali pa kivuli penye upepo. Kinyago kikishapata umbo kipumzishwe tena kabla ya kisu cha mwisho. Baadaye kukaja na tanuri za kukaushia. Yote hayo yanataka subira, na subira inagharimu pesa kwa mtu anayelipwa kwa kipande. Walivumilia. Wakagundua pia uzuri wa mti wenyewe: moyo wa mwarobaini ni mwekundu wa kahawia na pembeni kuna weupe, na mchongaji mwenye jicho hupanga gogo ili weupe ule uangukie tumbo la swala. Baba aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kuupenda muhugu, na alikuwa mtu mgumu wa kusifu kitu.

Halafu fikiria mti unatoka wapi. Mwarobaini umejaa Kilifi na Kwale, nyuma ya nyumba, kando ya shamba. Baada ya miaka 20 hivi, mwenye shamba anaweza kukata mmoja, akalipa ada ya shule, akapanda mingine. Hakuna anayekimbizwa na askari.

Kwa hiyo uongo hauko kwenye mti. Uko kwenye ile rangi nyeusi inayopakwa ili mwarobaini uitwe mpingo, na hiyo inapakwa kwa sababu wanunuzi wanataka weusi na wenye maduka wanawapa wanachotaka. Siwatetei wanaopaka na kudanganya. Ila kukwaruza hakukuambii mengi: hata mpingo halisi una ukingo mweupe nje ya moyo wake mweusi, na baadhi ya Wamakonde, wachongaji wa mpingo, huuacha makusudi uonekane. Ukitaka kujua, pima uzito. Mpingo ni mzito mpaka unazama majini.

Bora zaidi, uliza. Mwambie muuzaji, "Huu ni mti gani, na umechongwa na nani?" Ukiwa Changamwe angalia chini ya kinyago, utakuta namba ya mwanachama, peleka namba hiyo vibandani utaonyeshwa mwenyewe, amekaa na mti wake miguuni. Mwambie akutengenezee kinyago kingine kisichopakwa rangi, nta tu. Atakuuliza mara mbili kama una uhakika, maana hajazoea kuombwa hivyo. Mwambie ndiyo, na usimpunguzie bei.